Majani Juu ya Dorothée

Filimbi ya Néhémie ilianza kulia asubuhi, moshi wa kwanza bado haujatoka jikoni. Ni filimbi ya refa, ya chuma, na tangu alipopewa ukubwa wa kijiji anaipuliza kwa kila jambo: kodi, kipindupindu, mbuzi aliyepotea. Siku ile ya posho, Jumamosi, alipita nayo nyumba kwa nyumba, akaja kusimama mbele ya uwanja wangu. Hakuingia. Anajua kwangu haingii.

“Shemeji!” akaita. “Salongo ya leo, ile kazi ya kijiji, ni ya bantu yote. Tunaenda kufagia pori ya chemchemi. Muheshimiwa anakuya siku ya ine.”

“Kufagia pori?”

“Kufagia pori. Njia, na huku na huku ya njia, mpaka kwa chemchemi. Muheshimiwa hawezi kupita mu takataka.”

“Majani ya pori ni takataka tangu lini?”

Akautazama uwanja wangu, majani yaliyoufunika mpaka mlangoni, akacheka kwa pua.

“Mi siwezi bishana mambo ya usafi na weye, Alphonse.”

Akapuliza filimbi yake usoni pangu, akaenda zake.

Néhémie ni ndugu wa marehemu mke wangu, Dorothée. Ni mdogo wake, tumbo moja. Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya Lweba, mahali ukigeuza shingo unaliona ziwa lote mpaka milima ya Ubwari. Hapa kwetu uwanja ukionekana una majani, watu wanasema mama wa nyumba ni mvivu, au amekufa. Kwangu amekufa. Na mtu akifa uwanja haufagiwi. Majivu, majani, maganda ya mihogo ya wale waliokuja kulia, vyote vinabaki pale pale mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo ndugu wa marehemu anakuja na ufagio mpya, yeye ndiye anafagia wa kwanza, na takataka za kilio zinabebwa zinamwagwa mtoni. Hapo mambo yamekwisha, mtu anaweza hata kucheka.

Ndugu wa Dorothée ni nani? Ni Néhémie. Alikuja na ufagio wake, nikamfukuza. Akarudi na wazee wa ukoo, nikawafukuza wote na fimbo. Tangu siku ile uwanja wangu umelala vile, na watu wanapita wakiziba pua, ingawa majani hayanuki.

Sikumfukuza kwa uchawi, wala kwa wivu wa kiti chake. Nilimfukuza kwa sababu ya mbao.

Kati ya kijiji chetu na barabara kubwa ya Nundu kuna kijito. Wakati wa jua unakivuka bila kuvua viatu. Mvua ikinyesha mlimani kinakuwa mnyama. Tulikuwa na daraja juu yake, magogo mawili na mbao nzito zimelazwa kwa misumari mirefu. Basi palikuwa na mgeni mkubwa wa kupokea, na Néhémie akazing'oa zile mbao ajenge jukwaa, mgeni asimame juu, asikanyage matope yetu. Akasema sherehe ikiisha atazirudisha. Sherehe iliisha, mbao hazikurudi. Wiki ile ile tumbo la Dorothée likakaza. Tulimbeba kwenye tipoyi, machela ya miti, vijana wanne, tumpeleke hospitali. Tulipofika kijitoni maji yalikuwa yamejaa, na daraja ni magogo mawili tupu yanayoteleza. Vijana walijaribu, wakashindwa. Tukaiweka tipoyi chini, tukangoja maji yapungue. Dorothée hakungoja.

Nilipomwuliza Néhémie mbao ziko wapi, alisema zimeibiwa. Alisema hivyo macho yakiwa chini. Upande wake ndio ulioleta sanduku la kumzikia, limevikwa kitambaa cheupe juu mpaka chini, na kwa hilo tu nilimshukuru.

Tulimzika chini ya pori la chemchemi, pale mteremko unapoanza kulala, mwisho wa mstari wa makaburi ya baba zao. Kaburi la udongo, na msalaba wa mti. Nilipotupa udongo wa kwanza nilisema kwa sauti, watu wote wakinisikia: maji yamekuzuia njia, maji hayatakugusa tena. Hiyo ndiyo ahadi pekee niliyobaki nayo. Sasa Néhémie anataka kufagia juu yake.

Mimi shule sikuendelea. Lakini pori lile Dorothée ndiye aliyenipeleka humo, wakati wa uyoga. Alikuwa anapiga magoti, anainua majani kwa mkono, taratibu, namna unavyomfunua mtoto aliyelala. Juu kuna majani makavu ya msimu huu, yanalia ukiyagusa. Chini yake ya mwaka uliopita, meusi, yamegandana. Ukiendelea chini hakuna tena jani, kuna mishipa yake tu, na nyuzi nyeupe za uyoga, na kitu laini kama machicha ya chai, na mizizi midogo imejiingiza humo.

Siku moja mvua ilitukuta mle. Nikataka kukimbia, akanishika shati.

“Kaa. Tunaenda wapi? Ona kwanza.”

Mvua ilikuwa inapiga juu kwa kelele. Lakini pale chini, mkono wake ulipokuwa, hakuna maji yaliyokimbia. Tone linaanguka juu ya jani kavu, linateleza mpaka kwenye ncha, linaning'inia. Linaangukia jani la pili. Linatafuta tundu lililotobolewa na mdudu, linaingia. Linakwenda upande, linarudi, linailowesha ile nyeusi, linanyamaza. Ukiinua jani unaliona limeshika chini yake, halianguki wala halikauki.

“Inatembea kama mama ya mimba,” Dorothée alisema. “Haina haraka na muntu.”

Mvua ilikatika, jua likatoka, sisi tukarudi nyumbani. Chemchemi haikuongezeka siku ile. Iliongezeka kesho yake, tena jua likiwaka, maji meupe na baridi. Dorothée akaweka ndoo chini, akanipiga bega: “Umeona? Ile mvua yetu njo inafika sasa.”

Ndiyo maana siku ya salongo nilichukua jembe langu, nikaenda kusimama juu ya makaburi kabla wengine hawajafika.

Walikuja na fagio za njukuti, na reki, na vikapu. Bamama walifagia pori lile kama uwanja wa kanisa. Walianzia juu, kwenye njia, wakashuka wameinama, mgongo kando ya mgongo, wakiimba, na nyuma yao ardhi ilibaki uchi, nyekundu, na mistari ya ufagio imechorwa vizuri. Mizizi ya misuku, ile miti ya pori, ilitokeza nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Konokono na majongoo walikuwa wanatembea ovyo hawajui waende wapi. Kila mtu alisema: sasa kunapendeza.

Wakafika kwangu. Mbele alikuwa Mama Ketsia, jirani yangu, mwimbishaji wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka ziwa.

“Papa Alphonse, toka pale. Ufagio haina macho.”

“Hapa hakufagiliwi.”

“Ju ya nini? Ni pori ya baba yako?”

“Dorothée iko hapa.”

“Dorothée alikuwa mwanamuke safi!” Akageuka awatazame wenzake, wapate kusikia vizuri. “Angeona ule uwanja yako, angefufuka akupige na mwiko!”

Bamama wakaangua kicheko, mmoja akaangusha kikapu.

“Njo maana siufagie,” nikamjibu. “Ninamungoya.”

Kicheko kikakatika. Mama Ketsia akapangusa jasho, akatazama pembeni. Pengine tungeachana pale. Lakini Néhémie akateremka na filimbi yake kifuani.

“Mumuache. Kile kipande kibakie chafu, muheshimiwa hatapita huko. Hata mwenye ugonjwa ya ngozi anaachiwa pahali ya kukaa.”

“Na haya majani tunayapeleka wapi, chefu?” Mama Ketsia aliuliza. “Ni mabichi chini, moto haiyakamate.”

Néhémie akainua mabega. Mama Ketsia akanitazama, nikaiona ile akili inamjia usoni. Akabeba kikapu chake, akakimwaga miguuni pangu.

“Shika! Si unapenda majani?”

Wa pili akamwaga. Wa tatu. Majani yakanifika magotini, wakacheka tena, na mimi damu ikanipanda kichwani.

“Mulete!” nikapiga kelele. “Mulete yote! Hata ya kwenu, ya nyuma ya vyoo vyenu, mulete!”

Wakaleta. Kazi ya siku nzima ya kijiji kizima iliishia kwangu. Na mimi niliyatandaza yale majani juu ya kipande changu, juu ya yale ya zamani, na juu ya kaburi lenyewe, mpaka msalaba ukabaki kichwa tu. Nilikuwa nahesabu hivi: kama majani ya kimo cha kiganja yanakunywa mvua nzima, haya ya kimo cha goti yatakunywa gharika. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na furaha pia. Wamenitukana, na matusi yao yamemjengea mke wangu nyumba.

Néhémie alibaki nyuma wengine walipoondoka.

“Unafunika dada yangu na takataka,” alisema.

“Na weye ulimufunika na nini?”

Nilisema tu, namna ya kujibu. Lakini Néhémie aliutazama ule msalaba, akapanda mlima haraka haraka, filimbi ikimpigapiga kifuani.

Muheshimiwa alikuja siku ya ine, Alhamisi, kufungua chemchemi. Walikuwa wameijengea ukuta wa saruji na bomba mbili, na jina lake limeandikwa kwa rangi ya bluu, wakati maji yalikuwepo kabla ya babu yake. Gari lake lilibaki ng'ambo ya kijito. Vijana walimvusha mgongoni, miguu imening'inia, soksi zinaonekana. Hakuuliza mbao za daraja ziko wapi. Aliuliza kama soksi zimelowa.

Wakampitisha kwenye pori lililofagiwa. Akasifu. Akasema kijiji hiki kinaonyesha mfano. Néhémie alivaa suti yake ya harusi, nyeusi, na kwaya ya Mama Ketsia ikaimba mpaka majani yaliyobaki mitini yakatikisika. Mimi nilisimama mbali, nimeegemea jembe langu. Hotuba ilikuwa bado haijafika hata katikati, upepo ukageuka. Ziwa likawa jeusi. Nikasikia mvua inakuja kutoka juu mlimani, ile sauti ya watu wengi wanaotembea kwenye majani makavu.

Halafu ikafika pale palipofagiwa, na sauti ikabadilika. Ikawa sauti ya kupiga makofi.

Maji hayakuingia chini. Yangeingilia wapi? Mistari ya ufagio ilishuka mlimani, wima, na kila mstari ukawa mfereji. Mifereji miwili ikashikana, ikawa mmoja, ikashikana na mingine, na maji yakawa mekundu, yakabeba changarawe, yakafika kwenye viatu vya wageni. Muheshimiwa aliacha karatasi yake mezani, akakimbilia kijitoni avuke kabla hakijajaa. Alivuka. Watu kama yeye kila siku wanavuka.

Mimi nilikimbilia kaburini.

Nilidhani nitakuta pakavu. Nilikuta maji yanapita juu ya majani yangu. Yale majani ya msuku ni makubwa, magumu kama ngozi ya kiatu, na yalikuwa yamekauka juani siku zile zote, jani limelalia jani. Yalikuwa yamejifanya paa. Mvua ilikuwa inateleza juu yake kama inavyoteleza juu ya nyumba ya mtu, inashuka yote upande wa chini. Na kutoka juu, yale maji mekundu ya upande uliofagiwa yakafika kwa nguvu, yakapenya chini ya rundo, yakalinyanyua. Rundo lote likaanza kuteleza polepole kama mkeka unaovutwa. Likashuka na msalaba, mpaka kwenye mfereji wa kando ya makaburi, ule unaopeleka maji pembeni tangu zamani, likauziba. Maji yakarudi nyuma, yakatafuta njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa Dorothée.

Nilijitupa mferejini, nikaanza kuchomoa majani kwa mikono. Nikitoa mafungu mawili, yanakuja mengine. Maji yalikuwa yanalamba udongo wa kaburi, kipande kikubwa kinaanguka, kingine. Sijui nilikuwa napiga kelele gani. Nikasikia mtu ameruka kando yangu. Néhémie, na suti yake, miguu peku.

“Majani yako hii!” alinipigia kelele sikioni.

“Ufagio yako hii!”

“Vuta huku, mupumbafu!”

“Vuta weye! Jizoeze kazi!”

Tulivuta. Tulitukanana kwa Kiswahili, tukatukanana kwa Kibembe, matusi ambayo shemeji hamtukani shemeji, na mikono yetu ilikuwa inagombania fungu moja la majani. Mwishowe kitu kikaachia chini, mfereji ukapumua, na maji yakageuka kwa ghafula, yakaenda zake pembeni. Mvua nayo ikapungua ikawa manyunyu.

Nikatambaa mpaka kaburini. Nusu ya udongo ilikuwa imekwenda. Upande wa miguu sanduku lilikuwa wazi, kitambaa cheupe kimeoza kimebaki nyuzi, na ubao umeoshwa, unang'aa.

Ule ubao niliutazama muda mrefu. Ulikuwa mnene mno kwa sanduku. Ulikuwa na matundu ya misumari mirefu pembeni, na katikati umelika, bonde limechimbwa na magurudumu ya baiskeli. Na karibu na mwisho, alama ya shoka. Shoka langu. Niliuangushia siku nilipokuwa navuka na kuni, kamba ikakatika. Kila nilipopita darajani nilikuwa naikanyaga alama ile.

“Ulisema ziliibiwa,” nikasema.

Néhémie alikuwa amekaa matopeni.

“Alphonse, mbao ingine haikuwa. Jua ilikuwa kali, mwili haikuweza kungoya. Fundi aliniuliza mbao, nikamupa zile. Ningemuzika na mukeka? Dada yangu?”

“Ungemuvusha na daraja!”

“Ninajua.”

“Mbao ya kumuvusha njo ulimufungia ndani!”

“Ninajua! Unazania siyue? Kila siku napita kwa ile magogo.”

Nikalichukua jembe. Niliinua juu ya kichwa chake, na Mungu aliona kwamba sikuwa natisha. Néhémie hakukimbia. Wala hakujikinga.

“Piga,” alisema. “Lakini tumufunike kwanza. Mvua inarudi.”

Niligeuza macho mlimani. Ni kweli, juu kulikuwa kumefunga tena, kweusi. Nikaliteremsha jembe, likaingia kwenye udongo, nikaanza kuchimba. Néhémie alichota kwa mikono, kwa koti lake la harusi, akamwaga. Udongo ulikuwa uji, haukai. Mama Ketsia akatokea na bamama wengine, wameloa, sare za kwaya zimegandana mwilini.

“Yesu!” akasema alipoona. Halafu akanigeukia mimi. “Nani alisema mulete yote?”

“Na nani alimwanga kikapu ya kwanza?”

“Mulikuwa bapumbafu yote mbili,” Néhémie akasema, “na mimi wa tatu. Mama, tafuta udongo ya kichuguu. Mukimbie.”

Walikimbia. Udongo wa kichuguu unashika, hata matanuri ya matofali yanakandikwa nao. Walileta vikapu vile vile vya salongo, safari baada ya safari, tukashindilia kwa miguu na kwa magogo. Kisha mimi nikavuka mpaka upande wa mbali wa pori, pale ufagio haukufika, nikapiga magoti namna Dorothée alivyokuwa anapiga. Nikayaondoa majani makavu nikayaweka kando. Nikachota ile nyeusi ya chini, na nyuzi zake nyeupe, na mizizi yake, na wadudu wake, kidogo hapa kidogo pale, nikaibeba. Nikaitandaza juu ya kichuguu, nyembamba. Juu yake nikanyunyiza majani makavu machache, basi.

“Ni hayo tu?” Mama Ketsia akauliza.

“Ni hayo tu. Na kikapu yako uirudishe kwako.”

Mvua ilirudi. Tulisimama wote, hakuna aliyekwenda kujikinga, tukitazama udongo ule kama watu wanaotazama chungu motoni. Tone lilipiga, likateleza, likaingia. Lingine likaingia. Hakuna lililokimbia. Mfereji wa kando ulikuwa unanguruma maji mekundu ya juu, lakini ulikuwa unayabeba.

Chemchemi ya muheshimiwa ilitoa matope kwa bomba zote mbili, bamama wakashuka kuchota ziwani, na walipopita kwangu walisema ni mimi niliyelaani. Waseme. Msuku mmoja mkubwa, ule ulioachwa mizizi nje karibu na njia, ulianguka siku hiyo hiyo na kulalia ukuta wa saruji, ukafunika lile jina la bluu. Huo nao walisema ni mimi.

Maji yalipokuwa yameanza kutakata, Néhémie alikuja na ufagio mpya. Hakuwa na filimbi. Alisimama pale pale anaposimamaga, mwisho wa uwanja, na wazee wa ukoo nyuma yake, na majirani nyuma ya wazee, maana watu wa hapa hawakosi pahali penye ugomvi.

“Shemeji,” alisema. “Niingie?”

“Sema kwanza mbao zilienda wapi.”

Alitazama wazee. Akatazama chini. Akasema kitu ndani ya kola.

“Sisikie.”

“Mbao ya daraja nilitoa mimi,” akasema. “Sikuirudisha.”

“Weye hata mbuzi akipotea kijiji kizima kinasikia. Sema kama unavyopuliza filimbi.”

Nikamwona shingo inavimba. Nikadhani atatupa ufagio aondoke, na moyoni nilitaka aondoke, ningepata sababu ya kumchukia mpaka kufa. Lakini akainua kichwa.

“Mbao ya daraja nilitoa mimi!” alipiga kelele, mpaka mbwa akabweka kwa Mama Ketsia. “Sikuirudisha! Dada yangu alikufa kwa kando ya maji ju ya ile mbao, nikamutengenezea nayo sanduku, nikasema ni bezi baliiba! Mumesikia? Mumeshiba sasa?”

Nikasogea kando ya mlango.

“Fagia.”

Akafagia. Hajui kufagia, mkubwa yule. Alikuwa anatimua vumbi mpaka wazee wakakohoa. Majani yalitoka tabaka kwa tabaka. Chini kabisa kulikuwa na maganda ya mihogo ya siku ya kilio, yamekwisha kuwa udongo, na kifungo cha gauni la Dorothée, cha njano. Hicho nilikiokota mimi. Udongo wa uwanja wangu ulionekana, ulikuwa mweusi na baridi, sikuukumbuka.

Kazi ilipokwisha, wazee wakataka vijana wabebe takataka za kilio wakazimwage mtoni.

“Hapana,” nikasema. “Abebe yeye.”

Alibeba. Nilitembea nyuma yake njia yote mpaka kijitoni. Pale kwenye magogo mawili tupu, alitaka kumwaga kando, mahali pa chini. Nikamwonyesha kwa kidole: juu ya magogo, katikati. Akavua viatu, akapanda, akatembea akiyumba, kikapu kichwani. Alipofika katikati alisimama. Akatazama maji kati ya miguu yake. Halafu akamwaga. Majani yakaenda.

“Umeona sasa kunakuwa namna gani?” nilimwuliza aliporudi.

Akaokota viatu vyake, akapanda mlima navyo mkononi.

Siku ya posho iliyofuata filimbi ililia tena. Salongo ya daraja. Alikuja kusimama mbele ya uwanja, akanikuta niko mlangoni nanoa shoka. Tulikwenda kuupasua ule msuku ulioanguka. Nilipasua mbao kutwa nzima, yeye upande mmoja wa gogo, mimi upande mwingine. Sikumsalimia. Alipopuliza filimbi ya kupumzika, wote wakaweka shoka chini. Mimi niliendelea kupasua.